Thabai: Shina Linalotupwa Lina Uzi wa Nguo

Wakazi wa nyanda za juu huijua thabai kwa mambo mawili: kuwasha miguu ya wapita njia na kukoleza mukimo. Shina lake, ambalo huachwa shambani au kutupwa, ndilo lenye nyuzi ndefu na imara zinazoweza kusokotwa uzi wa nguo.

Nyuzi hizo zimo ndani ya ganda la shina, zikiwa zimeshikanishwa na gundi ya mmea. Kuiondoa gundi bila kukata nyuzi ndiyo kazi ngumu. Nchini Nepal, wanavijiji wa milimani wameifanya kwa vizazi vingi. Thabai yao ndefu, waiitayo allo, humea pia katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki. Hukata mashina mmea ukishatoa maua, huambua maganda na kuyachemsha kwa saa kadhaa katika maji ya majivu ya kuni. Kisha huyapigapiga, huyasuuza na kuyasugua kwa udongo laini ili nyuzi ziachane. Zikikauka husokotwa kwa mkono.

Hata Ujerumani, ilipokosa pamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, iligeukia thabai kushona sare za wanajeshi. Hapa Kenya, kampuni ya Green Nettle Textile ilikuwa miongoni mwa washindi wa tuzo ya kimataifa ya Global Change Award mwaka 2019 kwa wazo la kutengeneza kitambaa cha thabai.

Kwa mkulima mwenye shamba la mteremko, faida huanza hata kabla ya uzi. Thabai hupandwa kwa vipande vya mizizi, hukatwa na kuchipuka tena kwa miaka, na mizizi yake hushika udongo ambao ungesombwa na mvua. Hupenda unyevu na mbolea, ndiyo maana hustawi kando ya zizi. Ikipandwa kwa kusongamana, mashina hurefuka bila matawi mengi, na nyuzi huwa ndefu. Sehemu inayochumwa mboga itengwe, kwa sababu shina linalokatwa ncha mara kwa mara halirefuki.

Hata hivyo, mkulima asing'oe viazi kupanda thabai kabla ya kupata mnunuzi. Mzigo mkubwa wa mashina hutoa nyuzi chache, na soko bado ni changa. Ukingo wa shamba unatosha kwa majaribio.

Mashina yasilowekwe mtoni. Yanapooza humaliza hewa ndani ya maji, samaki wakafa na majirani wa chini wakachota uchafu. Tumia pipa au shimo lililotandikwa karatasi ya plastiki, mbali na chemchemi. Anayetaka kuvuna thabai katika msitu wa umma anahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Wakati wa kuvuna, vaa glavu nene, buti na nguo ya mikono mirefu. Mashina yakishakauka makali ya kuwasha hupungua sana.