Urafiki na Dhamiri

Je, ni halali rafiki kuyaongoza maadili ya rafiki yake? Ili tupate jibu, tuwatazame watakatifu wawili ambao Kanisa huwaadhimisha pamoja tarehe 2 Januari: Basili Mkuu na Gregori wa Nazianzo.

Wote wawili walitoka Kapadokia, katika Uturuki ya leo. Katikati ya karne ya nne walisoma pamoja huko Athene, mji wa walimu mashuhuri na wa anasa pia. Gregori alisimulia baadaye kwamba walizijua njia mbili tu, ya kanisani na ya kwa walimu. Hakuna aliyemchunga mwenzake kwa fimbo. Kila mmoja aliutazama mwenendo wa mwenziwe, akaurekebisha wake.

Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 372 Basili, aliyekuwa Askofu wa Kaisaria, alikuwa katika ugomvi juu ya mipaka ya jimbo lake, naye alihitaji maaskofu waaminifu. Akamshurutisha Gregori awe askofu wa Sasima, kijiji cha njia panda chenye vumbi na makelele. Gregori hakukaa huko. Jeraha hilo lilimwuma muda mrefu. Hata katika hotuba yake ya kumsifu Basili, aliyefariki mwaka 379, hakulificha.

Hapo twaona tofauti kubwa. Kule Athene rafiki alimvuta rafiki kwa mfano. Kwa habari ya Sasima alimsukuma kwa mamlaka. Anayetuambia, “Kama wanipenda, fanya nitakavyo,” hata akitaka jambo jema, ameingia katika dhamiri, mahali ambapo mtu husimama mbele ya Mungu wake.

Hata hivyo, kunyamaza si heshima. Tukimwona rafiki akipokea rushwa au akiitelekeza nyumba yake kwa ajili ya pombe, tumwendee faraghani, tumwambie kweli bila kumwaibisha. Kisha uamuzi tumwachie yeye, na mlango wetu tusimfungie. Nasi tukubali kuonywa vivyo hivyo, maana asiyekubali kurekebishwa hana haki ya kurekebisha.

Gregori aliumizwa, lakini hakuacha kumpenda Basili. Tumwombe Mungu atujalie marafiki wa namna hiyo, na atufanye sisi wenyewe kuwa marafiki wa namna hiyo. Amina.