Ameshataja Kiatu, Tumsikilize

Nilikuwa ndani ya matatu namba 46, nikitoka Kawangware kuelekea katikati ya jiji. Kando yangu aliketi mama aliyempakata mwanawe, mwenye umri wa miaka minne hivi, huku amemfungulia kitabu cha picha. "Hii ni nini?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya meli. Kimya. "Na hii je?" Kimya tena. Tulipofika Hurlingham, kiatu cha mtoto kilimvuka kikaanguka chini ya kiti, naye akapaza sauti: "Atu!" Mama akainama kukiokota. "Si atu. Sema kiatu." Mtoto akaufumba mdomo, asiufungue tena safari nzima.

Niliposema kwamba mimi ni mwalimu, mama alinieleza kwa huzuni: "Huyu, mwalimu, hasemi neno lolote."

Wasomaji wapenzi, mtoto huyo alikuwa amesema. Alilihitaji neno, akalitafuta, akalitumia mahali pake. Alichokosa ni kiambishi ki- tu. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, aliyechunguza usemi wa watoto wanne wa papa hapa Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka wa 2005, alionyesha kwamba hata watoto wasio na tatizo lolote huacha viambishi vya nafsi na vya wakati katika vitenzi vyao vya mwanzo. Basi kwa nini tumhukumu aliyechelewa kwa silabi moja ya nomino? Lingefaa zaidi jibu kama hili: "Ndiyo, kiatu. Haya, tuvae kiatu." Angelisikia neno kamili mara mbili, bila kuaibishwa.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna hatia kubwa hapa, kwa kuwa tumeizoea mno kalamu nyekundu. Tunasahau kwamba kuuliza "Hii ni nini?" ni kutahini. Kabla ya mtihani huja somo: mtoto alisikie neno mara nyingi huku akikishika kitu chenyewe. Kisha aambiwe, "Nipe kijiko," kijiko kikiwa karibu na kikombe. Akichagua sawasawa, neno amelielewa ijapokuwa hajalitamka. Hapo ndipo aulizwe, nasi tungoje. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi wetu hatufiki tatu kabla ya kumjibia.

Vitu vya kuanzia havihitaji kununuliwa: sufuria, ndoo, ufagio, sabuni. Meli mtoto wa Kawangware ataikuta baadaye.

Kuna wanaowashauri wazazi waiache lugha ya nyumbani, ati lugha mbili ndizo zinazomchelewesha mtoto. Si kweli. Neno alilolipata kwa nyanya yake katika Kiluhya ni neno, nalo lihesabiwe. Mwalimu wa chekechea anayeandika "hasemi" katika ripoti, pasipo kuuliza mtoto husema nini nyumbani na kwa lugha gani, anaweza kumfungia mlango wa darasa.

Lakini kwanza masikio yapimwe, maana asiyesikia vyema hufanana sana na mkaidi. Vituo vya kutathmini watoto kwa ajili ya elimu maalum vilianzishwa nchini mwaka wa 1984, na bado wazazi wengi hawajui kwamba vipo. Yule mama pia hakujua. Nilimweleza tulipokuwa tukishuka, naye akakitia kitabu mkobani, akamshika mwanawe mkono wakavuka barabara.