Unga wa Ngano na Maradhi Yanayojificha Maisha Yote

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa katika maabara ya shule au jikoni nyumbani. Kanda unga wa ngano kwa maji kidogo mpaka upate donge gumu. Liache kwa nusu saa, kisha lioshe ndani ya bakuli la maji huku ukilifinyafinya. Maji yatakuwa meupe kwa sababu ya wanga unaotoka. Badilisha maji mara kadhaa mpaka yabaki maangavu. Mkononi utabakiwa na kitu cha kijivujivu, chenye kunata na kuvutika kama mpira. Hiyo ni gluteni, yaani mkusanyiko wa protini za ngano. Rudia jaribio kwa unga wa mahindi, nawe hutapata kitu kama hicho. Gluteni ndiyo inayoshika hewa ndani ya kinyunya hata mkate ukaumuka, na ndiyo inayowezesha chapati kusukumwa ikawa nyembamba bila kukatika.

Watu walio wengi hula protini hizi pasipo madhara. Kwa wachache, hata hivyo, huamsha maradhi yaitwayo siliaki. Mtu anaweza kuishi nayo tangu utotoni hadi uzeeni bila ya yeye mwenyewe wala matabibu wake kuyatambua. Sababu ni kwamba dalili zake hutawanyika: moja huonekana leo, nyingine baada ya miaka kumi, na kila moja hutibiwa peke yake.

Yanayotokea ndani ya utumbo

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno viitwavyo vili. Kazi yake ni kuongeza eneo la kufyonzea chakula. Katika mwili wa mgonjwa wa siliaki, mfumo wa kinga huidhania gluteni kuwa adui, na katika mapambano hayo utumbo wenyewe hujeruhiwa. Vili hufupika, na ugonjwa ukizidi ukuta huwa bapa. Hapo mtu hula akashiba, ilhali sehemu ya virutubishi hupita bila ya kufyonzwa. Shayiri, pamoja na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, zina protini zenye madhara hayo hayo.

Mtu hurithi uwezekano wa kuugua, wala si ugonjwa wenyewe. Wengi wenye urithi huo hawaugui kamwe. Katika nchi nyingi za Ulaya hupatikana mgonjwa mmoja hivi katika kila watu 100. Lakini haya si maradhi ya Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa Kisahrawi, huko Afrika ya Kaskazini, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nayo.

Jinsi chanzo kilivyogunduliwa

Mwaka 1888 daktari Mwingereza Samuel Gee alichapisha maelezo mazuri ya watoto wenye kuharisha, waliokonda na kuvimba tumbo, lakini chanzo hakukijua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wa namna hiyo hupona wakilishwa ndizi. Ni kweli walipata nafuu, ila sifa walipewa ndizi isivyostahili, kwa kuwa jambo la maana lilikuwa ni kuondolewa kwa mkate. Hapa mwanafunzi wa sayansi ana funzo: tiba yaweza kufaa ingawa maelezo yake ni makosa.

Willem Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi, alikuwa amekwisha kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa kali, na mkate ukaadimika. Wakati wananchi wakidhoofika, watoto wenye siliaki walionekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke alieleza uchunguzi wake katika tasnifu, na tangu hapo ngano ikajulikana kuwa ndiyo chanzo.

Kuzisoma dalili kwa pamoja

Tumfikirie mwanamke mmoja. Alipokuwa mtoto alikuwa mfupi kuliko wenzake na akilalamika tumbo. Akaambiwa ana minyoo. Meno yake ya utu uzima yaliota yakiwa na madoa na vishimo. Alichelewa kuvunja ungo. Midomoni mwake vidonda vilirudi kila mara. Alipofika miaka 25 alikuwa na upungufu wa damu usioponywa na vidonge vya madini ya chuma. Mimba zake mbili ziliharibika. Alipokuwa na miaka 45 alijikwaa, na mfupa wa mkono ukavunjika kwa urahisi. Amepata matabibu saba kwa maradhi saba, kumbe yawezekana chanzo ni kimoja.

Mfululizo huo una mantiki. Madini ya chuma hufyonzwa hasa katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, ambayo ndiyo huumizwa zaidi. Kwa hiyo kidonge humezwa lakini chuma hakifiki katika damu. Kalisi na vitamini D zikipungua, mifupa hudhoofika. Tabaka gumu la nje la jino hujengwa utotoni; likiharibika wakati huo, alama hubaki daima. Wagonjwa wengine hupata ganzi ya miguu, uchovu usiokwisha, au malengelenge yenye kuwasha sana viwikoni, magotini na matakoni. Aghalabu watu wazima hawaharishi kabisa, na wengine ni wanene.

Tahadhari mbili

Kwanza, dalili moja pekee si ushahidi. Katika nchi zetu upungufu wa damu hutokana mara nyingi zaidi na malaria, safura, selimundu au lishe duni, na hayo lazima yachunguzwe kwanza. Shaka iingie pale dalili kadhaa zinapokutana kwa mtu mmoja, tiba za kawaida zinaposhindwa, au mzazi, ndugu au mtoto wake anapokuwa na siliaki.

Pili, anayeshuku asiache kula ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, kisha vipande vidogo vya utumbo hutazamwa kwa hadubini. Aliyeacha ngano mapema huenda utumbo wake ukaanza kupona na kingamwili zikapungua, hata majibu yakasema kwamba hana ugonjwa.

Ikithibitishwa, tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Mkate, chapati, maandazi na sambusa za ngano huondoka. Ugali wa mahindi au mtama, wali, ulezi, muhogo, viazi na ndizi hubaki, mradi unga wake usichanganyike na wa ngano mashineni. Vili huota tena, damu huongezeka, na mtoto aliyedumaa huweza kurefuka. Madoa ya meno hayafutiki, na kimo kisichopatikana ujanani hakirudi. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayeona mwanafunzi amedumaa, amepauka na haponi kwa tiba za kawaida, awashauri wazazi wampeleke hospitali na wamweleze daktari historia yake yote, tangu utotoni.