Programu imegoma kuungana? Muulize nm nani hayupo

Waitu wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Kuna dogo mmoja wa Muleba kaniuliza swali ambalo najua wengi mnaojifunza lugha ya C hapo kafe limeshawakuta. Yeye na mwenzake wa Bukoba mjini wanatengeneza kaprogramu ka kupiga hesabu za malipo ya kahawa. Mmoja kaandika kahawa.c, yaani sehemu ya kuonyesha majibu. Mwingine kaandika hesabu.cpp, ambamo mna fanksheni inayoitwa malipo. Kila faili likipikwa peke yake linaiva. Wakiunganisha, kioo kinajibu:

undefined reference to `malipo'

Sasa wanakaa wanakagua kodi mstari kwa mstari, huku saa ya kafe inakimbia na hela inakwenda. Jibu langu ni kwamba tatizo hili ukilitafuta kwenye kodi utakesha. Tumia amri ya herufi mbili tu: nm.

Kwanza tuelewane gcc inafanya nini. Kazi yake ina hatua mbili. Ukiandika gcc -c kahawa.c unapata kahawa.o, faili ambalo limeshageuzwa kuwa lugha ya mashine lakini bado si programu kamili. Hatua ya pili ni kuyaunganisha mafaili ya .o yawe kitu kimoja. Chukulia kamati ya harusi. Kila familia inaleta karatasi: sisi tunaleta ndizi na sufuria, ila tunategemea wengine walete maturubai. Katibu anapanga karatasi zote mezani. Kikitajwa kitu ambacho hakuna anayekileta, shughuli inasimama. Ile "undefined reference" ni katibu anasema: maturubai yametajwa, hakuna aliyeyaleta.

nm inakusomea hizo karatasi. Haina jipya, ipo tangu Unix ya kwanza ya mwaka 1971 pale Bell Labs. Leo inakuja bure ndani ya kifurushi cha GNU Binutils kwenye Linux. Kama kompyuta za kafe ni Windows, hata simu ya Android yenye Termux inatosha: pkg install clang binutils.

Andika nm kahawa.o. Utaona kitu kama hiki:

0000000000000000 T main
                 U malipo
                 U printf

Namba za kushoto zisikutishe, ni mahali kitu kilipo ndani ya faili. Cha kusoma ni herufi ya katikati:

T – fanksheni ipo humu ndani, na mafaili mengine yanaruhusiwa kuitumia.
U – inatajwa humu lakini haimo, inasubiriwa kutoka kwingine.
D – data yenye thamani ya kuanzia.
B – data inayoanza na sifuri.
t, d, b ndogo – ipo, lakini ni ya ndani ya faili hilo tu. Ukiandika static ndiyo unapata hizi.

Kwa hiyo kahawa.o inaleta main, inasubiri malipo na printf. printf haina shida, iko kwenye maktaba ya C. Tumtafute malipo. Nikawaambia waandike nm hesabu.o, na mstari unaotuhusu ukawa huu (namba nimeiacha):

T _Z6malipoii

Mchawi kaonekana! Faili moja linamwita malipo, lingine limemwandikisha kwa jina la _Z6malipoii. Ni mtu yuleyule, ila nyumbani anaitwa jina moja na kwenye cheti ana majina matatu. Kisa ni ile .cpp mwishoni mwa jina la faili. gcc ikiiona inajua hii ni C++, na C++ huandika majina kwa urefu: 6 ni idadi ya herufi za neno malipo, na ii mwishoni maana yake anapokea int mbili. Ukitaka usomaji wa kibinadamu andika nm -C hesabu.o, utaona malipo(int, int).

Dawa zipo mbili. Kama ndani ya hesabu.cpp hamna kitu cha C++, libadilishe jina liwe hesabu.c. Kama kimo, andika extern "C" mbele ya fanksheni ili jina libaki fupi. Pika upya, unganisha, imekwisha.

Mbinu nyingine za kubeba mfukoni. Mafaili yakiwa mengi, nm -A *.o | grep malipo itakuonyesha kila faili linalomtaja. Ukikuta T mbili za jina moja kwenye mafaili mawili, tegemea kosa la "multiple definition". nm -u inaonyesha wanaosubiriwa tu. Programu iliyokwisha kupunguzwa kwa strip itakujibu "no symbols", hapo jaribu nm -D.

Ila tusidanganyane, nm inaona majina tu. Maneno anayoyasoma mtumiaji kwenye kioo haiyaonyeshi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. Maneno ya menyu kama yale huwezi kuyapata kwa nm, ni kitu kingine kabisa na majina ya fanksheni.

Na hapa ndipo pa hatari, dogo wa Muleba nisikilize vizuri. Ukishalifanya jina liwe fupi, ile ii imeondoka, na ilikuwa inakulinda. Tuseme kahawa.c inatangaza kwamba malipo inapokea int, halafu mwenzako kabadilisha upande wake iwe double ili kilo ziwe na desimali. nm itaonyesha T na U vizuri kabisa, katibu atapitisha, programu itawaka, na mkulima atatolewa namba ya ajabu. Hakuna kioo kitakachokuonya. Kwa majina marefu ya C++ pangeonekana _Z6malipodd na kuunganisha kungegoma palepale.

Kinga ni rahisi. Tangazo la malipo liandikwe mahali pamoja tu, tuseme hesabu.h, na mafaili yote mawili yali-include. Hapo kompaila yenyewe itapiga kelele mmoja wenu akibadilisha bila kumwambia mwenzake. Hesabu ya hela ya mtu haitaki kubahatisha.

Waliokwama kwingine, bandikeni hapo chini mlichojibiwa na nm, mistari michache tu inatosha. Tutasaidiana.