Kuziba gereji ya kupanga bila kutoboa ukuta: hesabu za upepo, mirunda na turubai

Kwanza tuelewane: nikisema gereji hapa sisemi ile ya mafundi magari. Nasema kile chumba cha kuegeshea gari, kuta tatu na paa, upande wa nne uko wazi kwa sababu mwenye nyumba aliishiwa hela kabla ya kuweka geti. Dar es Salaam nyumba za namna hii ziko nyingi, na wapangaji wengi tunazikuta zimejaa ndoo mbovu na mifuko ya simenti iliyoganda.

Mimi nilipanga chumba kimoja Goba, juu kilimani, na gereji ya hivyo ikaja kama nyongeza. Mdogo wangu alipopata chuo na kukosa hosteli, ikabidi alale humo kwa muhula mmoja. Nikamwendea mwenye nyumba. Akanijibu, "Fanya utakalo kijana, ila siku unaondoka nisikute tundu hata moja kwenye ukuta wangu." Hilo ndilo sharti lililonirudisha kwenye fizikia ya sekondari.

Jaribio la kwanza nalo lilikuwa la aibu. Nilinunua turubai la bluu, nikalivuta kwa kamba hadi likawa kama ngozi ya ngoma, nikafunga huku kwenye nondo za dirisha na kule kwenye nguzo ya uzio. Nikajisifu. Saa nane usiku upepo wa kusi ukaja, tukasikia pa! pa! pa! Zile pete za chuma zinazopitisha kamba zilikuwa zinachomoka moja baada ya nyingine. Turubai lilikuwa zima, kamba zilikuwa nzima. Kilichoshindwa ni pete.

Kwa nini? Twende taratibu.

Upepo ukigonga kitu kilichousimamisha, unasukuma kwa kanieneo inayokaribia nusu ya densiti ya hewa mara mraba wa mwendo wake. Hewa ya kawaida ina kama kilo 1.2 kwa kila mita moja ya ujazo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, unakupa 0.5 × 1.2 × 100, sawa na paskali 60. Inaonekana ndogo. Sasa pima uwazi wa gereji yangu: upana mita 2.8, urefu kwenda juu mita 2.2, eneo karibu mita za mraba 6.2. Zidisha na 60, unapata kama nyutoni 370, uzito wa kilo 38 hivi. Kama mtoto wa darasa la sita amejiegemeza kwenye turubai lako.

Lakini angalia lile neno "mraba". Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Dhoruba ya mita 20 kwa sekunde inaleta kilo 150 kwenye turubai lilelile. Ndiyo maana kitu kilichodumu miezi mitatu kinaweza kung'oka ndani ya dakika moja.

Bado hatujafika kwenye pete. Kilo 38 zilizogawanywa kwenye pete kumi (nilikuwa na tano kila upande) hazing'oi kitu. Siri iko kwenye kule kukaza. Turubai lililoshikwa pande mbili likisukumwa na upepo hubonyea kidogo, na mkazo wake kwa kila mita ya kimo ni kanieneo mara mraba wa upana, gawanya kwa mara nane ya kina cha mbonyeo. Turubai langu lilikuwa limekazwa kiasi kwamba lisingeweza kubonyea zaidi ya sentimita 5. Weka namba: unapata nyutoni 1,176 kwa kila mita, na kwa mita 2.2 jumla ni karibu 2,590. Hiyo ni kilo 264 kila upande! Kila pete ilikuwa imebeba mtu mzima mwembamba. Sasa ruhusu turubai lilelile libonyee sentimita 30. Mkazo unashuka hadi kilo 44 kila upande. Upepo ni uleule, turubai ni lilelile. Tofauti ni ulegevu tu.

Ukitaka kuhakikisha bila hesabu, ning'iniza ndoo katikati ya kamba ya kuanikia nguo. Kisha jaribu kuivuta kamba hadi inyooke kabisa. Hutaweza, na ukiendelea utakata kamba.

Kwa hiyo mara ya pili sikufunga kwa kamba ngumu. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, ile mipira ambayo wauza mkaa na wabeba mizigo wanafungia kila kitu. Mpira unanyooka upepo ukija, turubai linabonyea lenyewe, mkazo unapungua, kisha linarudi. Upande wa chini nilifunga kwa mipira myembamba makusudi, ili kikija kishindo kikubwa ikatike yenyewe na turubai lipepee badala ya kuvunja fremu. Ni fyuzi, basi. Shilingi mia mbili ife ili vitu vya maana vipone.

Fremu nayo ilishikwa na nini, kama hakuna tundu? Hapa nawashukuru mafundi ujenzi. Umeshaona mirunda iliyosimamishwa kwa mamia chini ya slabu mbichi, kila mmoja umepigiwa kabari chini? Haijapigiliwa sakafuni. Inashikwa na kubanwa tu. Nilichukua mirunda miwili mifupi kidogo kuliko kimo cha uwazi, nikaisimamisha kwa ndani kwenye pembe za kulia na kushoto, juu ikigusa linta, chini ikiwa juu ya kabari mbili za mbao zinazotazamana. Katikati yake nikapitisha mbao mbili za kulala, moja juu moja chini, ili turubai likivuta mirunda kuelekea katikati, mbao ziizuie. Ule mkazo wote tuliouhesabu unaishia ndani ya fremu yenyewe. Ukuta hauujui.

Kinachobaki ni ile kilo 38 ya kusukumwa kuingia ndani, na hiyo inazuiwa na msuguano. Kila mrunda una ncha mbili, kwa hiyo kila ncha inabeba robo, nyutoni 92 au 93. Mbao kwenye zege kavu, msuguano wake tuchukue 0.4 ya nguvu inayobana. Basi kila ncha ibanwe kwa uzito wa kama kilo 24. Kabari inatoa hiyo kwa kugongwa kidogo tu. Kwa ile dhoruba ya mita 20 unahitaji mara nne, karibu kilo 95. Kabari iwe ndefu yenye mteremko mdogo, tuseme ipande sentimita 1 kwa kila 6 za urefu. Hapo msuguano unazidi mteremko na kabari hairudi nyuma yenyewe. Usigonge kama una hasira. Linta ilijengwa ibebe uzito unaotoka juu kushuka, haikujengwa kusukumwa kutoka chini, na plasta inapasuka mapema. Halafu kila wiki pita uzigusie tena, maana mbao mbichi zikikauka zinasinyaa kwa upande wa unene.

Kati ya mbao na zege nikaweka vipande vya kandambili kuukuu: vinaongeza msuguano na vinalinda rangi. Na juu ya mbao ya chini, ndoo mbili za lita 20 zilizojaa mchanga. Mchanga mkavu, sio maji: maji yatakupa kilo 20, mchanga zaidi ya 30 kwa ndoo ileile.

Turubai halizuii mwizi, hilo halina mjadala. Laptopu ya dogo ililala kwangu. Na jua la Dar linavunja minyororo ya plastiki ile hadi inakuwa majivu mkononi, usitegemee liwe zima mwaka wa pili.

Sasa kuna jambo ambalo nilikaribia kulikosea vibaya kuliko pete. Jioni moja ya masika, mvua inamwagika, nikamkuta mdogo wangu ameingiza jiko la mkaa ndani. Maharage yalikuwa hayajaiva, na nje palikuwa hapakaliki. Moshi hakuna, mkaa umekolea mwekundu vizuri. "Kaka, halitoi moshi," akaniambia. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya damu inang'ang'ania haemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo hewani kinatosha kuteka nafasi za oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Unadhani ni uchovu au malaria inaanza. Unajilaza kidogo.

Usidhani uwazi wa chini ya turubai utaimwaga nje. Molekuli yake ina uzito wa 28, hewa kwa wastani ni 29. Inachanganyika nayo tu, haishuki wala haibaki juu. Mimi niliacha sentimita 20 juu na nyingine chini, zimefunikwa neti ya mbu, na hizo zinasaidia joto na unyevu wa pumzi usigeuke ukungu ukutani. Haziruhusu jiko. Wala jenereta, wala pasi ya mkaa iliyoachwa pembeni ipoe. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni palepale godoro lilipo. Pikipiki ilale nje. Na upande mmoja wa turubai ufungwe kwa namna ambayo mtu anaufungua kutoka ndani, gizani, kwa mkono mmoja. Sisi tulijaribu dogo akiwa amefumba macho, mara ya kwanza alishindwa, tukabadilisha fundo.

Muhula ulipoisha tuligonga kabari kinyume, fremu ikalegea, kazi ya dakika ishirini. Mwenye nyumba alikuja na tochi mchana kweupe. Akakuta alama moja nyeusi kwenye linta, pale nilipoishiwa kandambili nikaweka kipande cha tyubu. Ilitoka kwa sabuni na dodoki. Akazunguka tena, akaiangalia ile mirunda, akauliza kama nina mpango nayo.

Nilimwachia. Ameisimamisha kwenye banda lake la kuku.