Turbo au baiskeli janja ya ndani: Mwendeshaji wa Afrika Mashariki achague ipi?

Tarehe 21 Septemba 2025, Jay Vine wa Australia alishika nafasi ya pili mjini Kigali, nyuma ya Remco Evenepoel wa Ubelgiji, katika mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Ilikuwa siku ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, ambayo kwa mara ya kwanza yalifanyika barani Afrika.

Medali hiyo ya fedha ina historia isiyo ya kawaida. Vine aliingia katika timu ya kulipwa ya Alpecin-Fenix baada ya kuibuka mshindi wa Zwift Academy mwaka 2020, shindano la kusaka vipaji ambalo sehemu yake kubwa hufanyika kwa njia ya intaneti, washiriki wakiwa majumbani mwao juu ya baiskeli zisizosogea hata hatua moja.

Mwaka huo huo, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, liliandaa mashindano yake ya kwanza ya dunia kwa njia ya mtandao. Taji la wanawake lilichukuliwa na Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Katika mbio za aina hiyo, kijana wa Musanze au Eldoret hahitaji viza wala tiketi ya ndege ili apimwe na walioko Ulaya. Anahitaji mashine, umeme na intaneti.

Swali linalofuata ni mashine ipi. Zipo aina mbili kuu, na tofauti ya bei kati yake inaweza kuzidi thamani ya baiskeli yenyewe.

Kwa nini kufanya mazoezi ndani?

Barani Ulaya, mazoezi ya ndani ni jambo la majira ya baridi. Katika ukanda wetu sababu ni nyingine. Mjini Kigali jua huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, hivyo mfanyakazi anayetoka kazini saa 11 hana jioni ndefu ya kuendesha baiskeli. Asubuhi hulazimika kutoka kabla ya mapambazuko, wakati malori na mabasi ya masafa marefu tayari yako barabarani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu wapatao milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa anayefanya mazoezi peke yake gizani, saa moja ndani ya nyumba inaweza kuwa uamuzi wa usalama zaidi kuliko anasa. Mvua za masika nazo huongeza utelezi na kupunguza uwezo wa madereva kuona.

Mashine hizi hufanyaje kazi?

Turbo ni stendi inayoshikilia baiskeli uliyo nayo. Katika aina ya zamani na ya bei nafuu, gurudumu la nyuma hubaki mahali pake na tairi huzungushia rola ya chuma. Aina hii ni rahisi kuifunga, lakini hula tairi, hupiga kelele, na tairi lenye meno makubwa ya kupandia milima halifai kabisa. Upepo ukipungua kwenye tairi, vipimo navyo hubadilika.

Katika aina ya kisasa gurudumu la nyuma huondolewa, na mnyororo huzungusha gia zilizofungwa kwenye turbo yenyewe. Ndani yake mna gurudumu zito linaloiga mwendo wa barabarani, pamoja na sumaku-umeme zinazoongeza au kupunguza uzito wa kukanyaga pedali. Kampuni ya Wahoo ilizindua turbo yake ya aina hii, Kickr, mwaka 2012.

Turbo huitwa janja inapoweza kuwasiliana na simu au kompyuta. Mwendeshaji akifika kwenye mlima ndani ya programu, pedali huwa nzito. Akianza kushuka, huwa nyepesi. Anaweza pia kuiamuru mashine ishikilie wati 200 kwa dakika 20, nayo ikafanya hivyo hata akibadilisha kasi ya miguu.

Baiskeli janja ya ndani ina teknolojia hiyo hiyo, isipokuwa imejengwa kama mashine moja kamili: fremu, kiti, usukani, pedali na injini ya ukinzani. Haina gurudumu wala gia halisi. Ukibonyeza kitufe cha gia, kompyuta hubadilisha uzito wa pedali. Kiti na usukani hupandishwa au kushushwa kwa dakika chache, hivyo watu wa vimo tofauti wanaweza kuitumia kwa zamu.

Kwa upande wa mazoezi yenyewe, tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Turbo na baiskeli za daraja la juu hutajwa na watengenezaji kuwa hupima nguvu kwa kosa la takriban asilimia 1, na turbo za daraja la kati asilimia 2. Moyo na misuli havitambui kama wati 200 zimetoka kwenye mashine ya bei ghali au ya bei ya wastani.

Gharama yake ni kiasi gani?

Wahoo ilipozindua baiskeli yake ya ndani mwaka 2019, bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 3,500. Turbo ya daraja la kati ya kampuni hiyo hiyo, Kickr Core, ilizinduliwa mwaka 2018 kwa takriban dola 900, na mwaka 2022 Zwift ilileta turbo ya dola 499. Bei hubadilika, lakini uwiano huo unaonyesha hali ilivyo: kwa fedha za baiskeli moja janja, mtu anaweza kununua turbo nzuri na bado akabakiwa na kiasi cha kununulia baiskeli ya barabarani.

Hizo ni bei za dukani ng'ambo, na anayeagiza kutoka Afrika Mashariki anaongeza usafiri, ushuru wa forodha na kodi. Hapa uzito wa mzigo una maana kubwa. Baiskeli janja nyingi zina uzito wa kilo 40 hadi 50, ilhali turbo za kisasa zina takriban kilo 15 hadi 22. Mizigo inayopitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kigali au Bujumbura ina safari ndefu ya barabara mbele yake, na kila kilo hulipiwa.

Kuna pia ada ya programu. Zwift hutoza karibu dola 20 kwa mwezi, yaani takriban dola 240 kwa mwaka. MyWhoosh, yenye makao yake Abu Dhabi, haitozi ada, na UCI iliitumia kwa mashindano yake ya dunia ya mtandaoni ya mwaka 2024. Anayetafuta mazoezi tu anaweza kuanza bila kulipa chochote kila mwezi.

Je, baiskeli yangu itaingia kwenye turbo?

Hili ndilo swali linalowapotezea wengi fedha. Turbo nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa baiskeli za barabarani na za milimani zenye gia 8 hadi 12 nyuma. Baiskeli ya mtumba yenye gia 6 au 7 za kuskruu kwenye gurudumu huenda isilingane nazo. Baiskeli ya mizigo yenye gia moja na nati kwenye ekseli, kama zile zinazobeba viazi na ndizi katika vijiji vya Rwanda na Burundi, haitafungika kwenye turbo nyingi.

Kabla ya kulipa, mwendeshaji anapaswa kumwomba fundi ahesabu gia za nyuma, apime upana kati ya miguu ya nyuma ya fremu, na atambue kama ekseli ni ya kufungua kwa mkono au ni ya kupenya. Kisha alinganishe majibu hayo na maelezo ya mtengenezaji. Aulize pia kama gia za nyuma zimo ndani ya boksi au zinauzwa kando.

Baiskeli janja haina tatizo hilo, kwa kuwa haihitaji baiskeli nyingine. Aidha, haichakazi mnyororo wala kulowesha fremu kwa jasho. Hilo la jasho si dogo: chumvi yake huozesha boliti za usukani na fani zilizo chini yake, na mtu anayetumia turbo kila siku bila kutandika taulo juu ya baiskeli anaweza kujutia baadaye.

Ikiharibika nani atatengeneza?

Turbo ikiharibika, mwenye baiskeli bado ana baiskeli. Hufunga gurudumu lake la nyuma na kurudi barabarani siku hiyo hiyo. Mnyororo, gia na breki zake hutengenezwa na fundi yeyote mzoefu wa mjini.

Baiskeli janja ikiharibika, yote husimama. Vipuri vyake vingi, kuanzia vitufe vya gia hadi bodi ya umeme, ni vya kampuni moja tu, na fundi wa mtaani hawezi kuvipata kwenye duka la jirani. Dhamana ya miaka miwili iliyotolewa Ulaya haina faida kubwa iwapo mashine ya kilo 45 inapaswa kurudishwa huko kwa gharama ya mnunuzi. Kwa hiyo, kabla ya bei, muuzaji aulizwe: dhamana hii inafanya kazi katika nchi ninayoishi, na nani atalipia usafirishaji?

Umeme na joto

Mashine hizi hutumia umeme mdogo, lakini nyingi hupoteza uwezo wa kudhibiti ukinzani umeme unapokatika. Zipo turbo chache, kama Tacx Neo, zinazoweza kujizalishia umeme kutokana na mzunguko wa pedali. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme si wa uhakika, sifa hiyo ina thamani kuliko skrini ya kuvutia. Wengine wanashauriwa kutumia kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ghafla.

Joto nalo husahaulika. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu, au chini yake, ya nishati inayotumika kuwa kazi ya miguu. Iliyobaki hutoka kama joto. Anayetoa wati 200 kwenye pedali anamwaga chumbani joto la wati 600 au zaidi. Barabarani upepo huliondoa, ndani haupo. Feni kubwa na dirisha lililo wazi si nyongeza ya hiari, hasa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi.

Nani achague nini?

Kwa mwendeshaji mmoja ambaye tayari ana baiskeli yenye gia zinazolingana, turbo ya daraja la kati ndilo chaguo la busara. Anafanya mazoezi juu ya baiskeli ile ile atakayoshindania, kwa kiti na usukani alivyovizoea. Anaweza pia kuibeba ndani ya gari hadi uwanjani kwa ajili ya kupasha misuli moto kabla ya mbio, kama timu za kulipwa zinavyofanya.

Kwa klabu ambayo kila mwanachama ana baiskeli yake, turbo mbili au tatu huhudumia watu wengi kuliko baiskeli moja janja, mradi baiskeli zao zina idadi moja ya gia.

Baiskeli janja inastahili gharama yake katika mazingira machache: ukumbi wa mazoezi au hoteli yenye wateja wa vimo mbalimbali, familia ambayo watu watatu au wanne wataitumia kila wiki, au mtu asiye na baiskeli na asiye na nia ya kuendesha barabarani. Inahitaji chumba chake cha kudumu, kwa sababu haihamishwi kirahisi.

Kuna jambo moja ambalo mashine zote mbili haziwezi kulifanya. Mlima wa Kimihurura, ambao ulikuwa sehemu ya mzunguko wa mashindano ya Kigali, umetandikwa mawe. Juu yake baiskeli hurukaruka, na mwendeshaji hulazimika kuchagua njia huku akisukumana na wenzake. Programu inaweza kuiga mwinuko wa mlima huo. Haiwezi kufundisha kukata kona, kushika breki kwenye mvua wala kusoma nia ya dereva anayekuja nyuma. Mwendeshaji anayetaka kushindana atahitaji barabara pia, na bajeti yake haipaswi kuishia kwenye mashine kabla ya kofia ngumu na taa.