Tovuti ifunguke kwenye vivinjari vipi? Mzee wa Nshamba alinifundisha

Leo naongelea kitu ambacho sisi vijana tunaojifunza kutengeneza tovuti huwa tunakiruka: ni vivinjari vipi utavisapoti, na vipi utaviacha?

Mimi nimeishia kidato cha nne, kompyuta nimejifunzia kafe hapa Bukoba mjini. Mwaka jana nikapata kazi ya kutengeneza tovuti ya shule moja ya binafsi. Lengo lilikuwa moja tu, wazazi wa Muleba na vijijini waone ada na wapate fomu ya kujiunga bila kupanda gari kuja mjini. Nikaipamba hasa. Kwenye Chrome yangu ikafunguka safi, nikalipwa, nikatamba.

Wiki mbili baadaye nipo kafe, akaingia mzee mmoja katokea Nshamba. Shikamoo, marahaba. Akanipa simu yake: "Kijana wangu, hapa wameandika bonyeza uone ada. Nabonyeza tangu juzi." Kalipa nauli kwenda na kurudi kwa ajili ya karatasi mbili! Hakujua anaongea na aliyeitengeneza, na mimi sikuthubutu kusema. Nikamprintia fomu, hela nikatoa mfukoni mwangu.

Simu yake ilikuwa na Opera Mini, imewekwa kwenye hali ya kubana data kabisa. Kivinjari hiki kilisambazwa dunia nzima mwaka 2006, na kwenye hali hiyo hakichukui ukurasa moja kwa moja. Ombi linaenda kwanza kwenye seva za Opera, zinaufungua ukurasa huko, zinaubana, halafu zinautuma ukiwa mwepesi. Ndio maana bando linadumu. Ila JavaScript nayo inaendeshwa huko huko kwenye seva, tena kwa muda mfupi. Ukurasa ukifika kwenye simu, mambo mengi yanayotegemea JavaScript yameshakufa. Kitufe changu cha ada kikawa pambo.

Nikahamia kwenye kompyuta ya kona pale kafe, ile ya Windows XP ambayo kila mtu anaikwepa. Microsoft waliacha kuihudumia 2014, na Firefox ya mwisho kuikubali ni toleo la 52 la mwaka 2017. Ada haionekani! Kisa? Niliandika alama ya ?. ambayo Chrome na Firefox zilianza kuielewa 2020.

Hapa ndipo penye siri, jamani. HTML na CSS ni wapole, zikikutana na kitu kigeni zinakiruka na kuendelea. JavaScript haina huruma. Alama moja isiyoeleweka, faili zima linatupwa, hata mistari mia iliyo sawa.

Na takwimu nazo zilinidanganya. Zilisema karibu wageni wote wanatumia Chrome. Kumbe kihesabio nilikiweka ndani ya faili lile lile, kwa hiyo kompyuta ya kona haikuhesabiwa kabisa! Kama una njia, soma kumbukumbu za seva yenyewe, maana kila kivinjari kinapoomba ukurasa kinajitaja jina na toleo.

Yahoo mwaka 2006 walitangaza utaratibu wao wa kugawa vivinjari kwa madaraja. Vya juu vilipewa kila kitu, vya chini vilipewa maandishi na viungo bila mapambo. Yaani kusapoti kivinjari sio lazima tovuti ifanane kote. Angalia matokeo ya NECTA, tunayacheka kwa sura ya kizamani, lakini ni orodha ya shule, unabonyeza, unapata jedwali. Kinahitajika kivinjari gani cha ajabu hapo?

Basi nikarudi kwenye tovuti ya shule. Ada nimeiandika wazi kwenye HTML, fomu ni kiungo cha kawaida. Picha zinazojigeuza na menyu ya kuteleza zimebaki kwa wenye simu zinazoweza. Internet Explorer sihangaiki nayo kwa mapambo, Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 15, 2022. Lakini akija nayo mtu, ada ataisoma.

Mwenye shule aliuliza mbona ukurasa wa ada umekuwa mkavu hivyo. Nikamfungulia kwenye simu ya mlinzi wake, akanyamaza.

Siku hizi sipokei hela ya mwisho mpaka nimejaribu kwenye kompyuta ya kona na kwenye Opera Mini ya simu ya mama. Wadau wa Muleba, Nshamba na Kamachumu, nyie mnatumia kivinjari gani? Andikeni hapo chini, na toleo lake kama mnalijua.

Tupo pamoja.